Jinsi Kamera Yangu Ilivyopanda Mnyambe Ikahesabu Vidole

Tangu nirudi sijanywa chai yangu kwa raha. Nikipita sokoni, "Baba Tekla, ilikuwaje huko juu?" Nikikaa kanisani, hata sijafungua kitabu, mtu ananigusa bega: "Ni kweli walitaka kukufukuza?" Mwisho Mama Tekla akasema, "Andika wasome wote, koo lako lipumzike, na masikio yangu yapumzike." Basi nimeandika. Darasani nilikaa miaka miwili, nikatoka kwenda kuvunja kokoto za barabara, kwa hiyo mwenye kutafuta makosa ya herufi atayapata mengi, ajichukulie. Lakini habari yenyewe hakuna wa kuieleza akanishinda, maana nilikuwepo.

LISEKESE: CHOMBO CHENYEWE

Kwanza niwajulishe kamera, kwani yeye ndiye aliyesafiri, mimi nilikuwa mbebaji wake tu.

Mnaikumbuka kamera yangu ya kwanza, ile ya sanduku. Ilikuwa na kidirisha cha kuchungulia pembeni, na picha yenyewe inaingia kwa jicho jingine. Macho mawili yasiyoshauriana. Ndiyo maana harusi nyingi za hapa Masasi maharusi wana suti nzuri na hawana vichwa. Watu walinisema sana, nami sikukasirika, nilijua siku yangu inakuja.

Siku ikaja. Fundi mmoja Mzungu wa mashamba ya karanga alikuwa anafunga mizigo kurudi kwao. Akalipenda sanduku langu la mninga nililolichonga mwenyewe, mimi nikaipenda kamera yake, tukabadilishana. Aliniambia wazi kwamba kamera ile ni ya chini kabisa katika ukoo wake, ya mtu anayejifunza, kaka zake ni wakubwa zaidi. Nikamjibu kwamba hata mimi nilianzia chini kabisa katika ukoo wangu, na leo wananiita kwenye vikao.

Ndani ya kamera ile kuna kioo kidogo kilicholazwa mshazari. Kinachoingia kwenye lenzi kinagonga kioo, kinapanda juu, kinatua kwenye kioo kingine cha ukungu chenye ukubwa wa kiberiti, na wewe unainamisha kichwa unakiona: watu wazima wazima, na rangi zao, wanapepesa macho. Jicho ni moja. Kama kichwa kimekatika unakiona kimekatika, unarudi nyuma hatua moja. Unataka kupiga ua la mkorosho kwa karibu mpaka mdudu aliyemo aone haya? Unazungusha lenzi, mdudu huyo hapo, na miguu yake. Tangu nipate chombo hicho sijakata kichwa cha mtu.

Nilikuwa na msemo wangu, nikauandika kwa chaki mlangoni: UNACHOKIONA NDICHO KITAKACHOTOKA. Msemo huo muukumbuke, utanirudia.

Vilema anavyo, sikatai. Ni mzito, ukimvaa asubuhi shingo inakuuma mpaka kesho. Mlio wake ni kama mlango wa ghala ukibamizwa. Mwendo wake ni wa taratibu, hana ile kasi ya kumkamata mtu anayekimbia, na mkono ukitikisika kidogo picha inakuwa uji. Ukishabonyeza kitufe kioo kinafumba kabisa, giza, mpaka uikoki, yaani uivute filamu mbele, ndipo kifumbue.

Na kilema kimoja sikumwambia mtu. Kioo kile kinageuza. Cha kulia kinaonekana kushoto, cha kushoto kulia, kama ujitazamavyo ukinyoa ndevu. Picha ikitoka inatoka sawasawa, lakini kiooni ni kinyume. Nilijizoeza nyuma ya nyumba kwa kumfuata jogoo. Jogoo akienda kulia, kiooni anakwenda kushoto, nami namfuata huko huko namkosa. Baada ya wiki mbili nikampata mkia. Lakini fundi hatangazi kilema cha chombo chake, nikanyamaza.

Sasa Hamisi. Fundi Hamisi mnamjua, Mmakonde yule anayeshona nguo karibu na mashine ya kusaga, mwenye vidole tisa. Wengi mnadhani kidole kile kililiwa na cherehani. Sivyo. Miaka minane nyuma, kwao Mnyambe, yeye na kaka yake Issa walikuwa wanafyeka shamba la mama yao. Panga la Issa likapita kwenye kidole kidogo cha mkono wa kushoto wa Hamisi. Kwa uchungu Hamisi akatamka neno: "Umekusudia. Unataka shamba liwe lako peke yako." Issa akajibu kwamba mtu anayemwita kaka yake mkata watu hana kaka. Hamisi akashuka Masasi, mkono umefungwa kitambaa, na tangu siku hiyo Issa hakuutazama tena mkono ule.

Mara mbili wazee waliwapatanisha, wakapeana mikono. Mara mbili, mwezi haujaisha, Issa akasema hajapeana mkono na mtu. Sasa mama yao, Bibi Somoe, masika iliyopita kifua kilimlaza siku nyingi. Alipoinuka akatuma neno: nataka niwaone mmeshikana kabla korosho hazijaanza kuanguka, maana masika nyingine sina ahadi nayo.

Hamisi akaja kwangu. "Baba Tekla, safari hii nataka picha. Picha kaka hawezi kuikana."

"Na yeye kakubali?"

"Kakubali, ila ana sharti. Anasema haweki sura yake kwenye mashine ya mtu kabla hajaona mashine inachukua nini."

Nilicheka mpaka Mama Tekla akatoka jikoni. Kutoka Masasi mpaka baharini, kamera inayomwonyesha mtu picha kabla haijapigwa ilikuwa wapi? Ilikuwa kwenye msumari wangu.

CHIDYA: DARASA MOJA NA MWALIMU

Tuliondoka na lori la Baba Zena, dereva mfupi anayeendesha kama amesimama. Filamu nilikuwa nayo moja, ya picha thelathini na sita, nikaona ni nyingi kama siafu. Tulikaa juu ya magunia ya unga, Hamisi amekumbatia khanga ya kumpelekea mama yake, mimi nimekumbatia kamera.

Unga ulikuwa wa shule ya Chidya, na mwenye funguo za stoo alikuwa ameondoka kwenda kumzika mjomba wake. Tukangoja kuanzia saa tatu mpaka saa tisa. Hamisi alikuwa anahesabu saa kama mtu mwenye mgonjwa. Mimi sikuona taabu, maana walimu walianza kunizunguka. Mmoja mwenye miwani akanikaribisha kwake tukala wali kwa kunde, kisha akaomba kuona chombo.

"Ni ya namna gani hii?"

"Ni ya kioo, Mwalimu. Unachokiona ndicho kitakachotoka."

"Na kitabu chake kinasemaje?"

Nikampa. Akakigeuza, akakigeuza tena. "Hiki ni Kijerumani."

"Ndivyo nilivyosikia."

"Unakisoma?"

"Wewe je, Mwalimu?"

"Hapana."

"Basi tuko darasa moja."

Alicheka mpaka akavua miwani. Ikabidi niwapige picha, yeye na mkewe na walimu wenzake na wake zao, mara nane, kwa sababu kila nilipobonyeza mke wa mwalimu mmoja alikaa chini akidhani tairi la lori limepasuka. Mwalimu akainama atazame kiooni.

"Imekufa," akasema.

"Imefumba macho tu. Ikishapiga hufumba, mpaka uikoki."

Akafikiri kidogo, kama wanavyofikiri watu waliosoma. "Kwa hiyo wakati ule ule picha inapopigwa, wote wanaona isipokuwa mpigaji?"

"Mpigaji ameshaona, Mwalimu."

"Ameona kabla. Yenyewe hajaiona."

Sikulipenda neno lile. Nilipanda lori nikalitafuna njia nzima.

MLIMANI: MAJI YA GARI

Mnaoijua njia ya kupanda uwanda wa Makonde mnajua kwamba gari linapanda kwa kuugua. Tulilala chini ya mlima, tukaanza kupanda asubuhi. Katikati ya kona rejeta ikachemka, mvuke ukatoka kama chungu cha pombe, na maji yetu ya kunywa Baba Zena akayamimina yote humo. Hayakutosha. Tukakaa. Huku chini mnafungua kisima mnachota, lakini kule juu maji yanafuatwa bondeni na kupandishwa kichwani, mwendo wa nusu siku. Kule mtu akikupa maji amekupa miguu yake.

Saa nne wakapita akina mama, kila mmoja na mtungi. Dereva akamwendea wa mbele kwa heshima zote.

"Mama, tusaidie maji kidogo, tumtie huyu."

Yule mama akalitazama lori toka taa mpaka mkia. "Maji ya wanangu nimpe gari? Kwani linaniita mama?"

Hapo nikaona zamu yangu imefika. Nikashuka. "Shemeji, nikikupiga picha utatupa mtungi mmoja?"

"Wewe kabila gani?"

"Mmakua."

"Nilijua. Mmakua hata gari lake lina kiu." Wenzake wakacheka, kwani Wamakua na Wamakonde ni watani, lazima uoshwe kwa utani kwanza. Lakini akatua mtungi. "Lete nione."

Akainama kwenye kioo. Akawaona wenzake mle ndani, wadogo wadogo, na khanga zao nyekundu, wanacheka. Akapiga kofi. "Nataka hii. Hii hii inayocheka. Niipeleke nyumbani."

"Utaipata, lakini itakuwa nyeusi na nyeupe, na itakuwa imetulia."

"Rangi yangu utaipeleka wapi?"

"Kamera haichukui rangi, shemeji."

"Na kucheka kwangu?"

"Kutabaki mdomo wazi tu."

Akanyanyua mtungi wake. "Basi picha nusu, maji nusu." Akatumiminia nusu kweli, hakuzidisha tone. Na yalitosha.

Walipokuwa wanaondoka nikataka niwakamate wakipanda, mitungi kichwani, jua nyuma yao. Picha ya kuweka dukani. Nikainama, nikawafuata kiooni. Wao wakaenda kulia, kiooni wakaenda kushoto, nami kwa pupa nikasahau mafunzo yote ya jogoo, nikageuka nikitembea, nikaanguka mtaroni, kamera juu mimi chini. Picha iliyotoka ninayo: tairi la nyuma la lori na kiatu changu. Hamisi akanivuta kwa mkono wake wa vidole vinne, akacheka kwa mara ya kwanza tangu tutoke nyumbani Lisekese.

"Baba Tekla, ulikuwa unakwenda wapi?"

"Niliteleza," nikasema. Unaona? Hata yeye sikumwambia.

NEWALA: UKINGONI

Newala lori likatuacha. Nilikuwa sijafika kule, na mtu asiyefika asinibishie: unasimama ukingoni, chini yako mawingu, chini ya mawingu bonde, na kule mbali kabisa Ruvuma kama uzi ulioanguka toka kwa fundi cherehani, na ng'ambo kwa Wareno. Mimi, niliyevunja kokoto, nimesimama juu ya mawingu. Nikapiga. Nikapiga tena. Nikazungusha lenzi, nikapiga tena na tena, nikamweka Hamisi ukingoni nikapiga, nikamwomba askari mmoja wa Bwana Shauri, yule mkubwa wa wilaya, asimame na kofia yake nikapiga.

"Zimebaki ngapi?" Hamisi akauliza.

Nikatazama kihesabio. "Zinatosha."

"Ngapi?"

"Tatu."

Akatangulia mbele. Tulitembea kwa miguu kwenda Mnyambe kwenye mchanga mwekundu, mikorosho imechanua pande zote, harufu yake inalewesha, na mgongo wake mbele yangu. Katikati ya njia akasema bila kugeuka, "Mama alimeza uji tu mwezi mzima, Baba Tekla. Mara hii kaka akikana, hakuna mara nyingine."

Nikamwambia asijali, chombo ni changu. Na nikaapa kutobonyeza tena kitufe. Niliapa mpaka kwenye mkorosho mmoja uliokuwa na nyuki, hapo nikabonyeza.

MNYAMBE: MAJI YA MIKONO

Bibi Somoe alikuwa amekaa mkekani, mwembamba kama mwiko, ndonya ya mpingo imechomekwa kwenye mdomo wa juu, nembo za chale usoni bado zinasomeka vizuri. Hamisi akapiga magoti, akamwekea khanga mapajani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda. Masasi hawapiki?" Akaninyooshea kidole. "Na huyu aliyejifunga sanduku shingoni?"

"Shikamoo, Bibi. Mimi ndiye mpiga picha mkubwa wa Masasi."

"Marahaba. Na wadogo wako wangapi?"

Watu wakaangua kicheko, nami nikacheka nao.

Issa akaja alasiri. Mtu mrefu, mpole wa sauti, mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi. Nikamwamkia, akaitikia vizuri. Yeye na mdogo wake wakasalimiana kwa maneno, kila mmoja akitazama paa la nyumba juu ya kichwa cha mwenzake.

Tukaletewa chakula: ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini vinavyochimbwa na akina mama, unamenya unachovya chumvi, na kisamvu cha karanga. Kwanza likaja bakuli la maji ya kunawa. Mimi mgeni nikaanza. Nikanawa vizuri, mpaka viwiko, nikayamwaga maji nje kama tunavyofanya huku.

Kumbe bakuli lile lilikuwa la watu saba.

Issa akayatazama maji yanavyozama mchangani. "Huko kwenu," akasema taratibu, "mto umepita ndani ya nyumba?"

Niliona haya, na mimi nikiona haya huwa naongea. Nikaitoa kamera. Nikaeleza kioo, nikaeleza lenzi, nikaeleza jicho moja. Nikamwambia kila aliyekuwa pale: unachokiona ndicho kitakachotoka, kamera hii haijui uongo. Walipanga mstari kuchungulia. Mzee mmoja jirani alichungulia mara tatu, kila mara akisema bado anataka kuhakikisha. Issa alikaa pembeni akinisikiliza. Mwisho akasema, "Vizuri. Kesho nitatazama. Nikiridhika, tutapiga."

Kabla jua halijazama nikapiga picha ya Bibi Somoe peke yake, yeye mwenyewe aliomba. Ikabaki moja.

MNYAMBE: KWENYE KINU

Asubuhi ndugu wote walikusanyika uani. Kwa kuwa kamera yangu ni ya mwendo wa taratibu, niliomba kinu, nikakipindua, nikaiweka kamera juu yake ikatulia kama kuku anayeatamia. Hamisi nikamsimamisha hatua tatu mbele ya kinu, nikamwambia anyooshe mkono wa kulia kama anampa mtu, na nikaulenga mkono ule kwa lenzi mpaka mistari ya kiganja ikasomeka.

"Kaka Issa, karibu utimize sharti lako. Hivi ndivyo mdogo wako atakavyokuwa akikupa mkono. Wewe utasimama pale."

Kinu ni kifupi, kwa hiyo ilimbidi ainame sana. Akatazama. Akainua kichwa akamtazama Hamisi. Akainama tena. Kisha akasimama, na uso wake ulikuwa umefungwa kama duka siku ya Jumapili.

"Ananipa wa kushoto."

"Huu ni wa kulia, kaka," Hamisi akasema, akiutikisa.

"Hapo ulipo ni wa kulia. Humu ni wa kushoto. Na kitakachobaki ni kipi, cha hapo au cha humu?" Akanigeukia. "Wewe mgeni. Jana ulisemaje?"

Nikakishika kinu kama kinataka kuanguka.

"Ulisema unachokiona ndicho kitakachotoka. Ulisema au hukusema?"

"Alisema mara nne," yule mzee jirani akadakia. "Mimi nilikuwepo."

Ninyi wenyewe mnajua. Mtu akikupa kitu kwa mkono wa kushoto amekuweka pamoja na choo. Na hii si kwa siku moja, ni picha, itakaa ukutani, wajukuu watauliza: babu huyu alimkosea nini mwenzake hata akampa mkono huo? Issa hakuwa mjinga. Aliniamini mimi, hilo ndilo kosa lake.

"Kaka Issa," nikasema, "kioo kinageuza. Cha kulia kinakuwa kushoto. Ni kilema chake tu, picha itatoka sawa."

"Kilema? Jana hakikuwa na kilema."

"Kilikuwepo. Nilikificha."

Kusema maneno yale mbele ya watu, mimi, ni heri ningemeza ming'oko na maganda yake. Na hayakusaidia.

"Jana kamera haijui uongo. Leo ni mlemavu. Kesho itakuwa nini, shemeji yangu?" Akachukua fimbo yake, akageuka kuondoka. "Nilijua. Nimeitwa nitukanwe kwa mashine."

Hamisi alikuwa bado amenyoosha mkono. Hakujua aushushe au auache.

"Issa," Bibi Somoe akaita. Hakupaza sauti, hana sauti ya kupaza.

Akasimama. "Labeka, mama."

"Mkono wa kushoto wa mdogo wako una vidole vingapi?"

"Vinne, mama."

"Umevihesabu lini?"

Issa akaanza kuchora mchangani kwa fimbo.

"Nakuuliza, umevihesabu lini?"

"Nimesikia tu watu wakisema."

"Basi rudi ukahesabu hivyo vya kwenye kioo."

Akarudi. Safari hii akapiga goti moja mchangani, maana mgongo wa mtu mzima hauinami mara tatu asubuhi moja. Akaweka uso juu ya kioo. Midomo yake ikawa inatembea.

"Vitano," akasema.

"Mkono gani huo?"

"Wa kulia."

Nilitaka kucheza. Nilitaka kumbeba Bibi Somoe na mkeka wake. Watu wakaanza kuchekana, yule mzee jirani akasema yeye alijua tangu jana. Lakini Issa hakuinua kichwa.

"Aonyeshe na ule mwingine," akasema, sauti ikitokea chini ya kofia.

Hamisi akautoa mkono wa kushoto polepole. Huwa anaufunga ngumi akiwa na watu, wateja wake mnajua. Akaufungua.

Nimewaambia kamera hii huwezi kuitazama kwa kichwa juu, lazima uiname. Miaka yote nilikihesabu hicho kuwa kilema, kwa ajili ya shingo. Lakini sasa tazameni kwa upande wa Hamisi: kaka yake mkubwa, ambaye kwa miaka minane hakumpa hata jicho, amepiga goti mavumbini mbele yake, kichwa kimeinama kabisa, anautazama mkono wake. Vidole vinne havihitaji muda ule wote kuhesabiwa.

"Kaka, inuka basi," Hamisi akasema.

"Ngoja. Sijamaliza."

Alipomaliza akainuka, akapita pembeni ya kinu, hatua tatu, na mkono wa kulia hakuugusa. Akauchukua ule wa kushoto, akaushika kwa mikono yake yote miwili.

Mimi nikaruka. Sijui nilifikaje kwenye kinu. Nikainama, nikawaona wadogo wadogo, wana rangi, wanapumua. Filamu ilikuwa imekwisha kokiwa, picha moja tu, ya mwisho. Nikazuia pumzi, nikabonyeza.

Giza.

Nikabaki nimeinama, maana kwa kamera ya taratibu mtu hujizoeza kutotikisika. Na gizani mle nikasikia. Nikasikia vigelegele. Nikasikia Bibi Somoe anacheka, kicheko kama mbaazi zinamwagwa kwenye ungo. Nikamsikia Hamisi akisema maneno kwa Kimakonde ambayo mpaka leo hataki kunitafsiria, na Issa akijibu kwa neno moja. Nilipoinua kichwa walikuwa wameshaachana, Issa anakung'uta goti lake, Hamisi anajifuta uso kwa khanga ya mama. Ua mzima uliona, isipokuwa mpigaji. Mwalimu yule wa Chidya, popote alipo, amenishinda.

MASASI: KATIKA SINIA

Njia ya kurudi sina la kusema, lori halikuchemka na mimi sikuanguka. Nilikuwa na haraka kama mtu aliyeachiwa barua ambayo hajaifungua.

Niliingia kwenye chumba changu cha giza mchana huo huo, mablanketi dirishani, Mama Tekla nje akifukuza wateja. Nikasafisha filamu, nikaweka karatasi kwenye sinia la dawa, nikangoja. Kwanza ilitokea mikono. Ilitokea mikali, kila mshipa, kila ufa wa jembe, na ile nafasi ya kidole ilivyoshikwa katikati ya viganja viwili. Kisha nyuso, lakini nyuso zina ukungu kidogo, kwa sababu lenzi nilikuwa nimeilenga mikono. Nyuma yao Bibi Somoe, ukungu zaidi, lakini mdomo wazi na ndonya imeelekea juu, na kila mwenye macho anajua anacheka.

Hapo ndipo nilipoona kilichotokea Mnyambe. Nilikaa juu ya debe nikatazama mpaka karatasi ikaanza kujikunja.

Hamisi amepeleka nakala, amerudi juzi. Korosho zimeanza kuanguka na Bibi anaziokota mwenyewe, anakataa kusaidiwa. Issa ameitundika picha ukutani inapotazamana na mlango, na kila mgeni akiingia, hata hajakaa, anamwonyesha: "Huyu ni mimi. Na huo ni mkono wake wa kushoto."

Msemo wangu wa mlangoni nimeufuta. Sasa mtu akitaka kuchungulia namwambia kabisa, bwana, kioo hiki kinageuza, usije ukagombana na mkeo. Chombo hakijapungua thamani, wateja wameongezeka.

Nakala nyingine imetundikwa dukani, juu ya meza. Wapo wasiojua, wakiiona huguna: watu gani hawa, wazima na ndevu zao, wanasalimiana kwa kushoto? Siwajibu. Naishusha msumarini, nawapa mkononi, nawaambia wahesabu vidole.